Kwa nini jembe moja la skrepa linapinda na jingine linakatika

Kuna majembe mawili yalikaa ukutani kwangu muda mrefu, yote madogo ya palizi, yote ya skrepa, na yote yalikufa mapema. La kwanza lilipinda, yaani unapiga kwenye udongo mkavu unaona ulimi wake umejikunja kama kijiko cha bati. La pili halikupinda hata kidogo, liligonga jiwe dogo tu kwenye tuta la mchicha likakatika katikati, na pale lilipokatika ukisogeza jicho unaona punje punje zinang'aa kama sukari. Hilo lililokatika nililifua mwenyewe, tena kwa springi ya gari ambayo kila mtu anakwambia ndio chuma bora, kwahiyo liliniuma sana.

Ukiuliza watu watakwambia chuma cha siku hizi kibovu. Jibu rahisi, lakini haliwezi kuwa sahihi, maana kama chuma ni kibovu mbona springi ile ile ilibeba mzigo wa gari miaka na miaka bila kukatika, halafu imekuja kukatwa na kokoto? Kuna kitu kilitokea kati ya gari na bustani, na hicho kitu ni moto. Wengi wetu tunaojifunza kufua chuma tunaweka akili yote kwenye nyundo, umbo liwe zuri, mkunjo ukae vizuri, tundu la mpini liwe sawa, alafu moto tunauchukulia kama kitu cha kulainishia tu. Wakati kwenye zana ya kulimia moto ndio unaoamua chuma kiwe nini, nyundo inaamua tu kionekane vipi.

Sasa tuanze na chuma chenyewe. Chuma unachokutana nacho mtaani karibu chote ni chuma pamoja na kaboni kidogo sana, kaboni hii hii ya kwenye mkaa. Tofauti ya kaboni kati ya chuma laini na chuma kigumu ni ndogo mpaka inashangaza. Chuma bapa cha grili za madirisha kina kama gramu 1 mpaka 2 na nusu za kaboni kwenye kilo nzima. Springi ya gari ina karibu gramu 6. Tupa ile nzuri ya zamani ina gramu 10 mpaka 12 hivi. Ukivuka gramu 20 umeshatoka kwenye chuma cha kufua, umeingia kwenye chuma cha kusubu, kile cha bloku ya injini na drami ya breki, ambacho ukikipasha moto ukapiga nyundo kinamomonyoka kama biskuti. Nimeona mtu anahangaika nusu siku kutaka kutoa jembe kwenye drami ya breki, mkaa umeisha na hana kitu. Drami ya breki ya lori kazi yake nyingine ni nzuri tu, inafaa kuwa jiko lenyewe, unatoboa chini unaingiza bomba la upepo, basi.

Kwahiyo jembe langu la kwanza, lile lililopinda, maelezo yake ni mafupi. Lilikuwa chuma cha grili. Lile hata ungelipasha moto vipi na kulitumbukiza kwenye maji mara kumi, lisingekuwa gumu, kwa sababu kaboni ya kuligeuza haimo. Watu wengi wanapoteza nguvu hapo, wanadhani maji ndio yanayokipa chuma ugumu. Maji hayana ugumu wa kumpa mtu, yanachofanya ni kukiwahi chuma kikiwa kwenye hali fulani.

Hiyo hali ndio kiini cha mambo yote, na mimi niliielewa siku nilipoifikiria kama daladala. Chuma kikiwa cha baridi, chembe zake zimejipanga kwa namna ambayo nafasi za kaboni karibu hamna, kaboni inakaa pembeni imejitenga kwenye vibumba vyake. Ukikipasha kikavuka nyuzi joto 730 hivi, chembe zinaanza kujipanga upya, nafasi zinafunguka, na kaboni inaingia ndani kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Sasa ukikiacha kipoe taratibu, abiria wanashuka mmoja mmoja kituo kwa kituo, kila mmoja anarudi pembeni kwake, chuma kinarudi kuwa laini. Lakini ukikipoza ghafla umefunga mlango na watu wote wakiwa ndani, chembe zinataka kurudi kwenye mpangilio wake wa baridi na kaboni imebanwa katikati, hakuna anayeweza kusogea. Ugumu wa chuma ni huo tu, chembe zimeshindwa kuteleza juu ya mwenzake. Daladala la chuma cha grili lina abiria watatu, hata ukifunga mlango kwa kasi gani hakuna anayebanwa.

Na hapo hapo ndio kuna hatari. Chuma kilichobanwa hivyo kina ugumu lakini kinapasuka kirahisi, kwa sababu kitu kisichoweza kusogea hata kidogo kikipigwa hakina pa kupeleka lile pigo. Dawa yake ni kukirudishia moto mdogo baada ya kukipoza, nyuzi 200 mpaka 300 hivi, unafungua mlango kidogo abiria wachache washuke, waliobaki wapate kupumua. Ugumu unapungua kiasi, lakini chuma kinapata uvumilivu. Mimi jembe langu la springi nililitumbukiza kwenye ndoo ya maji likiwa jekundu, nikalitoa, nikalitia mpini siku hiyo hiyo. Sikulirudishia moto. Nilikuwa nimetengeneza kioo chenye umbo la jembe.

Ila zile punje za sukari zinasema kosa jingine la pili, na hili wengi hawalijui. Chuma kikikaa kwenye moto mkali kupita kiasi, punje zake za ndani zinakua, zinakuwa kubwa kubwa, na kadiri zinavyokua ndivyo zinavyoachana kirahisi. Chuma kilichotunzwa vizuri ukikivunja, pale kilipovunjika panakuwa na rangi ya kijivu iliyotulia, laini kama sehemu ya ndani ya kigae kizuri. Ukiona sukari ujue uliunguza. Nilikuwa napeperusha feni mpaka chuma kinakuwa cheupe nikidhani moto mwingi ndio kazi nzuri.

Basi ukienda kutafuta skrepa, unatafuta nini? Springi bapa za gari ndio namba moja, na kwa jembe dogo la palizi chukua za pikapu zenye unene wa milimita 6 mpaka 8, za lori ni nene mno, utapiga nyundo mpaka bega likatae. Springi za duara nazo ni chuma kile kile kwa kiasi kikubwa, zinafaa kwa vitu vya kuchongoka kama vijiti vya kupandia miche na meno ya reki, ukizinyoosha kwanza. Diski za jembe la trekta zilizochakaa ni hazina kabisa, tena zina upana tayari, unakata ulimi wa jembe humo humo bila kutandaza sana. Tupa kuukuu ni kwa visu, kwa jembe ni gumu mno litakusumbua. Nondo ni bahati nasibu, nyingine ngumu kiasi nyingine laini kama chuma cha grili, mimi naitumia kwa vitu visivyohitaji makali.

Halafu kuna vya kuviogopa, na hapa nasema kwa uzito wote. Mabomba na mabati yaliyopakwa zinki usiyatie motoni. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, ambayo kwa mfua chuma ni moto wa kawaida tu, na ule moshi mweupe ukiuvuta usiku utapata homa na baridi kama una malaria. Shokapu usiitie motoni kamwe, ina mafuta na gesi vimefungwa ndani, inalipuka. Bomba lolote lililozibwa pande zote mbili ni hivyo hivyo. Na kipande cha reli au chuma cha mnara wa umeme ukiuziwa kwa bei ya kutupa, ujue kuna mahali kimeng'olewa. Kenya Januari 2022 biashara ya chuma chakavu ilisimamishwa nchi nzima na Rais Uhuru Kenyatta kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu kama hiyo, na walioumia ni pamoja na mafundi wadogo waliokuwa wananunua kihalali. Nunua springi gereji, unamuona fundi anaishusha chini ya gari, huna wasiwasi.

Kama hujui ulichonunua ni nini, kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni grenda, gusisha kidogo uangalie cheche. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, zinakwenda zake mbali bila kugawanyika sana. Chenye kaboni nyingi cheche zake ni fupi zaidi na zinapasuka pasuka njiani kama nyota. Chuma cha kusubu kinatoa cheche fupi, nyekundu iliyofifia. Fanya kivulini ulinganishe na kipande unachokijua, usijiamini kwa kuangalia kimoja peke yake. Cha pili ndicho ninachokiamini zaidi, kata kipande chembamba cha urefu wa kidole, kipashe mpaka kiwe chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, kitumbukize majini, kibane kwenye jiriwa, vaa miwani, kipige nyundo. Kikikatika kama kigae, umepata chuma kinachogeuka. Kikipinda, tengenezea bawaba za mlango.

Kwenye kufua kwenyewe sitakaa sana maana mkono unajifunza kwa kupiga. Mkaa wa kawaida unatosha, na kwa walio pwani makaa ya vifuu vya nazi ni mazuri sana, yana moto mkali na safi. Upepo unaweza kuwa wa mvukuto wa ngozi au feni ndogo ya umeme, muhimu uweze kuupunguza. Fuawe inaweza kuwa kipande chochote kizito cha chuma kilichokaa imara kwenye gogo. Piga chuma kikiwa na rangi ya chungwa lililoiva mpaka kukaribia njano, ukiona kimeshuka kuwa chekundu cha giza rudisha motoni, ukikipiga kikiwa hivyo unatia nyufa ambazo huzioni leo utaziona shambani. Na kikianza kurusha cheche chenyewe kikiwa ndani ya moto, kile kimeshaungua, kata hiyo sehemu uitupe. Springi kuukuu pia zinakuja na nyufa zake kutoka barabarani, kwahiyo kabla ya yote isugue kwa brashi ya chuma uikague, hasa karibu na lile tundu la katikati.

Kitu kimoja niliona kwa mzee mmoja mhunzi hapa Morogoro, banda lake lina giza. Bati limeshuka chini, upande mmoja ameweka magunia, nikadhani anaogopa jua. Nilipomsalimia nikamuuliza, Mzee, mbona giza hivi? Akanijibu, mwanangu, rangi ya chuma juani inadanganya. Na kweli, chuma kinachoonekana chekundu kidogo mchana kweupe, ukikiingiza kivulini unakuta ni cha chungwa kabisa, kwahiyo mtu anayefua juani kila siku anaunguza bila kujua. Jembe langu lilifuliwa saa saba mchana uani.

Siku hiyo nilikaa nikamuangalia anamalizia jembe la palizi la springi, na ndio nitakavyoeleza hapa hatua kwa hatua maana humo ndimo mote. Umbo lilishakuwa tayari, ulimi upana wa kiganja, makali hajayatoa bado, ameyaacha na unene kama wa shilingi mia mbili. Hayo ni makusudi, ukingo mwembamba unapopozwa ghafla unajipinda au unapasuka. Kwanza alilipasha mpaka likawa na rangi, akaligusisha sumaku ya spika kuukuu aliyoifunga kwenye waya. Haikushika. Akaliweka juu ya tofali kavu akaliacha lipoe lenyewe hewani. Alifanya hivyo mara tatu. Mimi nilitaka kuuliza lakini nikanyamaza, baadaye ndio nikaelewa kwamba pale alikuwa anarudisha zile punje za ndani ziwe ndogo baada ya moto mkubwa wa kufulia, kila mzunguko zinajipanga upya na zinazidi kuwa ndogo. Hizo dakika chache nilizozikosa mimi ndio zilizokuja kuwa sukari.

Sumaku nayo ina sababu yake. Chuma kinaacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi, na springi inataka kupozwa ikiwa juu ya hapo kidogo, nyuzi 830 au 840. Kwahiyo huhitaji kipima joto cha bei mbaya, unapasha mpaka sumaku iache kushika, unaongeza moto kidogo tu, rangi inapanda kivuli kimoja, basi hapo hapo.

Mara ya nne hakuliweka kwenye tofali. Aliligeuza akatumbukiza makali peke yake, kama vidole viwili hivi vya ulimi, kwenye kopo la mafuta ya alizeti yaliyotumika kukaangia, ameyapasha kidogo mpaka uvuguvugu maana mafuta ya baridi yanakuwa mazito hayapozi sawasawa. Mafuta, sio maji. Springi ina kromiamu au manganizi na silikoni kidogo ndani yake, inageuka kuwa ngumu hata ikipozwa kwa mwendo wa mafuta, ukiipeleka kwenye maji unaipoza haraka kuliko inavyohitaji na ndio inapasuka. Watu wengi wanatumia oili chafu ya injini kwa kuwa ni ya bure, inafanya kazi ndio, lakini ule moshi una mabaki ya injini na kemikali ambazo hutaki kwenye mapafu yako. Mafuta ya kula yakishika moto unafunika kopo kwa bati ukaisha, usije ukamwaga maji.

Alilitoa likiwa bado lina joto nyuma kwenye shingo. Haraka akachukua kipande cha jiwe la kunolea akasugua ukingo mara mbili tatu mpaka chuma cheupe kikaonekana, akakiinua kwenye mwanga mdogo wa mlangoni, akatulia. Na hapo nikaona kitu ambacho nilikuwa nakisikia tu. Joto lililobaki kwenye shingo lilianza kutembea kurudi kwenye makali, na rangi zikatembea nalo, kwanza manjano kama ya nyasi kavu, nyuma yake kahawia, nyuma yake zambarau, nyuma kabisa bluu, zinasogea taratibu kama kivuli cha jioni. Manjano ni karibu nyuzi 220, zambarau ni 280, bluu ni kama 300. Kisu cha jikoni angekisimamisha kwenye manjano. Jembe alilisubiri. Zambarau ikafika kwenye ukingo, ikapita, bluu ilipogusa tu akalitumbukiza lote. Jumla labda nusu dakika.

Kwa nini bluu, wakati manjano ndio ngumu zaidi? Kwa sababu jembe linakutana na mawe, na kwa sababu mkulima analinoa kwa tupa. Hili la tupa ndio kipimo chake cha mwisho, analipitisha tupa kwenye ukingo, ikiteleza bila kung'ata jembe ni gumu mno linarudi motoni, iking'ata kwa ubishi kidogo limekubali, ikila kama inakula mbao ni laini. Zana ya bustani ambayo huwezi kuinoa kwa tupa shambani ina faida gani? Na shingo hakuipoza ghafla ilipokuwa bado nyekundu, ameiacha na ulaini wake, ili pigo likitoka kwenye makali lipate pa kumezwa.

Hii elimu kwetu ina umri mrefu kuliko tunavyoipa. Wahaya kule Kagera walikuwa wanayeyusha chuma chenye kaboni kwenye matanuru ya udongo wa kichuguu yapata miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita, na mwaka 1976 wazee waliokuwa bado wanakumbuka walijenga tanuru mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, wakaonyesha jinsi upepo ulivyokuwa unapitishwa kwenye mabomba ya udongo yaliyoingia ndani kabisa ya tanuru. Wafipa walikuwa na matanuru yao marefu, malungu. Upare kuna ukoo mzima wa wahunzi, Washana. Hata lugha yetu imebaki na ushahidi, pua na feleji ni maneno ya chuma kigumu toka zamani, na methali inasema mwana wa mhunzi asiposana, yaani asipofua chuma, huvukuta. Kijana aliyekuwa anavukuta alikuwa anaangalia rangi siku nzima, miaka, kabla hajapewa nyundo. Sisi tunaanza na nyundo, tena na grenda.

Kwenye mpini nina jambo moja tu. Siku hizi wengi wanachomelea kipande cha bomba nyuma ya jembe la springi ili mpini uingie, ni haraka na inaonekana safi. Tatizo ni kwamba mashine ya kuchomelea inapasha sehemu ndogo sana kwa moto mkali sana, na chuma baridi kilichobaki kinaipoza ghafla, yaani umekifanyia kile kile nilichokifanya mimi kwenye ndoo, ila safari hii kwenye shingo ambako hutaki kabisa. Ndio maana yanakatika pembeni mwa weldingi na sio kwenye weldingi yenyewe. Ukilazimika, pasha shingo kwanza, chomelea, alafu lifukie kwenye majivu ya moto lipoe polepole, na hayo yote yafanye kabla hujayapoza makali. Mimi nimeamua kurudi kwenye mkia, unafua nyuma ya jembe uchongoke, unauunguza uingie kwenye kichwa kinene cha mpini wa mpera. Kila ukipiga unazidi kujikaza.

Lile jembe lililokatika nilimpelekea mzee. Aliangalia ile sukari, akaupitisha ule ulimi kwenye sumaku na tofali mara tatu, akaufua upya mwembamba, na sasa ni kisu cha kuhamishia miche, kina shingo fupi na kiko bluu mpaka nchani. Jumamosi nimehamisha nacho miche ya nyanya matuta manne na kimegonga mawe mara nyingi tu.